Kilemba cha Ukoka Juu ya Vuga

Mwezi uliopita nilikuwa Vuga, mbele ya Mahakama Kuu, nikimsubiri jamaa yangu aliyeingia ndani na bahasha ya karatasi za kiwanja cha marehemu baba yake. Akapita kijana mmoja wa kutembeza wageni, nyuma yake Wazungu wanane wamevaa kofia za ukili. Akanyoosha mkono kwenye kuba, akawaambia kwamba jengo lile lilijengwa na Sultani zamani sana, na kwamba matao yale ndiyo ujenzi wa asili wa Zanzibar. Wageni wakapiga picha. Nilitaka kumvuta kando nimweleze, kisha nikaona haya. Na mimi niliamini hivyohivyo mpaka mvi zimenitoka.

Jengo lile lilichorwa na Mwingereza, mtumishi wa serikali, jina lake John Houston Sinclair. Yeye ndiye aliyechora nyumba ya Balozi wa Kiingereza mwaka 1903, ile ambayo leo ni Ikulu na hairuhusiwi kupigwa picha. Akachora Mahakama Kuu, iliyojengwa kati ya 1904 na 1908. Akachora Posta ya Shangani, 1906. Jengo la Bharmal, 1923. Na Beit el Amani, lile jumba jeupe la makumbusho pale Mnazi Mmoja, lililofunguliwa 1925. Na huyohuyo, mwaka 1922, akakalia kiti cha Ubalozi, yaani akawa mtawala wa Kiingereza wa Unguja na Pemba, cheo ambacho kwa jirani zetu wa Kenya na Tanganyika kiliitwa ugavana.

Kiti chenyewe alikikalia takriban miaka miwili tu. Mtangulizi wake, Meja Francis Pearce, alikaa tangu 1914. Aliyemfuata, Claud Hollis, alikaa takriban miaka sita. Ukifungua kitabu cha historia utamkuta Sinclair amebanwa kati ya hao wawili kama kitabu chembamba kwenye rafu. Lakini ukitoka nje ukatembea kutoka Shangani hadi Mnazi Mmoja, Pearce humwoni, Hollis humwoni, na Sinclair unamkuta kila kona. Basi mtawala wa namna hii apimwe kwa nini? Kwa sheria alizotia saini, kwa kodi alizokusanya, au kwa kuta alizotuachia? Mimi naona kuta zake ndizo zinazotufafanulia serikali yenyewe, kuliko nyaraka zake zote.

Lazima kwanza tukielewe cheo, kwa sababu kina ujanja ndani yake. Chukua gavana wa jimbo la Marekani wa zama hizohizo. Robert La Follette aliyeongoza Wisconsin tangu 1901 hadi 1906 aliwahi kunyimwa uteuzi mara mbili na wakubwa wa chama chake kabla ya kuupata. Alizunguka vijijini akihutubia wakulima, akagombana na makampuni ya reli, akapitisha sheria ya kuwapa wapigakura wa kawaida haki ya kuwachagua wagombea wa vyama. Maisha ya mtu kama huyo unayafuatilia katika kura na hotuba. Balozi wa Unguja hakuomba kura ya mtu. Aliteuliwa London, akashuka bandarini, akafanya kazi yake, akaitwa kwengine. Na la ajabu zaidi ni kwamba, kwa maandishi, nchi haikuwa yake. Nchi ilikuwa ya Seyyid. Bendera nyekundu ilikuwa ya Seyyid, amri zilitoka kwa jina la Seyyid, na mshahara wa Mwingereza ulitoka katika hazina ya Seyyid.

Mambo hayo yalianza 1890, Uingereza ilipoitia Zanzibar chini ya himaya yake. Mwaka uliofuata akawekwa Waziri wa Kwanza, Lloyd Mathews, mwanamaji wa Kiingereza aliyezaliwa Madeira. Mathews alikuja Unguja na manowari ya London, iliyokuwa ikiwinda majahazi ya watumwa. Mwaka 1877 Seyyid Barghash alimkabidhi kazi ya kuunda jeshi la askari waliofunzwa Kizungu. Kwa hiyo alikuwa ni mtumishi wa Sultani, akila chumvi ya Sultani, akivaa cheo alichopewa na Sultani. Alipofanywa Waziri wa Kwanza mambo yaligeuka: Sultani hakuweza tena kumwondoa. Hebu fikiria waziri ambaye mfalme wake hawezi kumfukuza. Hapo nani mfalme?

Jawabu lilikuja asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896. Seyyid Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki, na Khalid bin Barghash amejiweka katika kasri bila idhini ya Waingereza. Manowari zikapiga mizinga kwa muda usiofika saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid wakauawa au kujeruhiwa, Beit el Hukm ikawa kifusi. Na Mathews alikuwa upande wa mizinga, pamoja na askari wa serikali ya Zanzibar aliowafunza mwenyewe kwa fedha ya Barghash, baba yake Khalid. Akafa kwa malaria 1901, akazikwa hukuhuku. Baada yake alikuja A. S. Rogers, na mwaka 1902, Seyyid Ali bin Hamud alipourithi ufalme akiwa bado kijana, Rogers akawa mwangalizi wa kiti chake mpaka 1905. Angalia hiyo miaka. Nyumba ya Balozi na Mahakama ya Vuga zilianza kuchorwa wakati Mwingereza ameshika mhuri wa Sultani mkononi, wazi kabisa.

Uwazi huo haukupendeza hata kwa wenyewe, na polepole ukapambwa. Mwaka 1913 Zanzibar ikahamishwa kutoka wizara ya mambo ya nje ya Uingereza kwenda wizara ya makoloni. Kazi ya Konseli wa Kiingereza na ya Waziri wa Kwanza zikaunganishwa, akapatikana Balozi mmoja. Gavana aliyekaa Nairobi akapewa usimamizi juu yake, jambo lililowaudhi watu wa mji huu na likaondolewa 1925. Mwaka 1914 likaundwa baraza la himaya. Kichwani mwa meza alikaa Seyyid Khalifa bin Harub, aliyeingia ufalme 1911. Makamu wake alikuwa Balozi. Adabu ilitimia. Lakini amri ya Seyyid haikuwa sheria mpaka Balozi naye atie saini.

Wazee wetu wana msemo wa kumvika mtu kilemba cha ukoka: kumsifu na kumpamba kwa kitu ambacho mbuzi akipita atakila. Sijaona msemo unaoieleza himaya ya Kiingereza vizuri zaidi. Na Sinclair, ambaye kwa ujuzi wake alikuwa msanifu wa majengo, ndiye aliyekijenga kilemba hicho kwa mawe na chokaa.

Ili uione hila hiyo lazima kwanza ujue nyumba zetu zilikuwaje. Nyumba ya Kiomani ya Mji Mkongwe, ukiitazama kutoka njiani, ni ukuta tu. Ukuta mrefu, mnene, wa mawe ya matumbawe na udongo, umepigwa chokaa, madirisha ya chini machache. Pambo lote limekusanywa mlangoni: hapo ndipo penye nakshi, minyororo ya kuchonga, maua ya yungiyungi na misumari ya shaba. Dunia yenyewe iko ndani, kwenye ua ulio wazi katikati, vyumba vimeuzunguka ghorofa kwa ghorofa. Na upana wa chumba haukuamuliwa na mwenye nyumba, uliamuliwa na boriti. Boriti ya mkoko haipatikani ndefu upendavyo, kwa hiyo hata sebule ya tajiri ilikuwa ndefu na nyembamba, upana wake kiasi cha mita tatu. Watoto tuliolelewa katika vyumba vile tunajua kucheza kwa urefu, si kwa upana. Tajiri aliyetaka watu wamjue alichonga mlango. Hakuinua kuba.

Nenda kwenye misikiti. Masultani na jamaa zao walikuwa Waibadhi, na Waibadhi wa hapa hawakujenga minara wala hawakupenda mapambo. Misikiti yao ya zamani unaweza kuipita bila kuitambua, mpaka uone viatu vimepangwa mlangoni. Wahindi walileta roshani za mbao na maduka yanayofungukia njiani, na hizo zikawa sehemu ya mji. Lakini matao yaliyobanwa chini kama kwato ya farasi, makuba yaliyopangwa makubwa kwa madogo, na vile vijimeno vya ngome juu ya paa, hayo hayakuwa ya huku. Tao la kwato ni la Fas na Andalusi. Kuba lenye vikuba pembeni ni la Istanbul. Zanzibar haikupata kutawaliwa na Fas wala na Istanbul.

Sasa chukua jengo kubwa kuliko yote ambalo Sultani mwenyewe alijijengea, Beit el Ajaib, 1883. Barghash alikuwa amepelekwa uhamishoni Bombay ujanani, na mwaka 1875 alikwenda London. Alipojenga jumba lake hakutafuta kuba hata moja. Alitaka nguzo za chuma kutoka ng'ambo, veranda pana pande zote, baadaye taa za umeme na lifti. Watu wakalishangaa, ndiyo maana likapewa jina lile. Kwa hiyo tuna kichekesho hiki cha kihistoria: Mwarabu alipojenga alitaka chuma na umeme, Mwingereza alipojenga alitaka uonekane Uarabu. Kila mmoja alikuwa akimwigiza mwenzake, lakini mmoja tu ndiye aliyekuwa na manowari.

Na ajabu hiyo haikuwa ya Unguja peke yake. Cheo cha Balozi mkaazi, mshauri wa mfalme ambaye ushauri wake haukataliwi, Waingereza walikifanyia mazoezi India na Malaya kabla ya kutuletea sisi. Katika dola za Kimalaya walianza Perak mwaka 1874, na Mzungu wa kwanza waliyemweka huko, J. W. W. Birch, aliuawa mwaka uliofuata. Palepale palipo na cheo hicho utakuta pia makuba. Kuala Lumpur serikali ya Kiingereza ilijimalizia mwaka 1897 ofisi zenye matao, makuba na mnara wa saa, na leo jengo hilo linaitwa kwa jina la Sultani Abdul Samad, ilhali lilikuwa la makarani wa Kiingereza. Madras nako vivyo hivyo. Mtindo na cheo vilisafiri katika sanduku moja. Ukiwa unamtawala mtu kwa jina lake, ni busara ofisi yako nayo ivae nguo zake, au nguo unazodhani wewe kuwa ni zake.

Msomaji mmoja mwenye haki ataniuliza kama simwonei Sinclair. Pengine aliupenda tu mtindo ule. Nakubali kwamba aliupenda, na nakubali zaidi kwamba alikuwa hodari. Simama katika kivuli cha veranda ya Mahakama saa sita mchana, mwezi wa Februari, kaskazi imelegea na jua linachoma, utamwombea dua. Kuta zake ni nene, upepo unapita, weupe wake haugombani na weupe wa mji, na majengo hayazidi kimo cha jirani zake kwa kiburi. Wajerumani wa Dar es Salaam walifanya jambo la karibu na hilo katika hospitali yao ya Ocean Road, iliyofunguliwa 1897, nayo ina makuba yake. Ukilinganisha na wakoloni waliopiga bati jekundu na matofali popote walipofika, Sinclair ana adabu. Lakini ninachosema hakihusu moyo wake. Nyumba ikishasimama inafanya kazi yake, mchoraji akiwa na mapenzi au hana.

Na kazi ya majengo ya Vuga ilikuwa kuhamisha makao ya utawala kimyakimya. Mbele ya bahari, Forodhani, Seyyid aliachiwa kasri lake, gwaride lake, bendera na mizinga ya sikukuu. Vuga, nyuma ya mji, ikakusanya vitu vingine: nyumba ya Balozi, Mahakama Kuu hatua chache kutoka hapo, na bustani ya Victoria ikitazamana na mahakama, ambayo jumba lake, lililojengwa zama za Barghash kwa wanawake wa kasri, lilifanywa ukumbi wa Baraza la Kutunga Sheria tangu 1926. Mtu mzima anaizunguka serikali yote hiyo kwa miguu kabla sigara yake haijaisha. Hata Beit el Ajaib yenyewe ilikuwa imeshakwenda: tangu 1911 ilijaa mafaili na makarani wa sekretarieti. Sultani aliyetaka kujua nchi yake inaendeshwa vipi angeweza kuchungulia dirishani mwa jirani.

Watu wa kawaida hawakudanganyika kama tunavyodhani. Juu ya mahakama ile, pamoja na uzuri wake wote, walikuwa na lao la kusema. Katika miaka ya 1920 Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyeuza vyungu kabla ya kuwa malkia wa taarabu, alikuwa akiimba wimbo wa Kijiti. Kisa chake kila mtu mzima wa Unguja anakijua. Mgeni wa kike, mja mzito, alikuja kutembea kutoka Dar es Salaam, akatolewa kwenda kwenye tafrija, akanajisiwa na kuuawa. Kijiti, mwenye kosa, akavuka bahari akatoroka. Wanawake waliokuwa na marehemu wakaja kutoa ushahidi, na hakimu wa Kizungu akawageuzia wao kesi kwa sababu ya ulevi walioununua. Aliyeua yuko Mrima, walioshuhudia wako kizimbani. Wimbo ule uliimbwa majumbani, ukaimbwa harusini, na ukaingia katika sahani za santuri zilizorekodiwa Bombay kuanzia 1928. Hakuna hukumu ya mahakama ile ninayoijua ambayo imesomwa na watu wengi kama ilivyosikilizwa rufaa hii ya Siti.

Ubalozi wenyewe wa Sinclair haukuwa na vishindo. Alipoingia 1922 reli ya Bububu, ile ya maili saba iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney kuanzia 1904, ikakoma kuchukua abiria. Magari yalikuwa yameshaingia njiani. Serikali ilikuwa imeinunua tangu 1911 na haikuwahi kuipenda. Bandari ya kina kirefu ya Malindi ilikuwa ikijadiliwa na ikaanza kujengwa baada yake. Bei ya karafuu, madeni ya wenye mashamba kwa Wahindi, malipo ya wachumaji: hayo yote yalikuwapo kabla yake na yakalipuka baada yake. Ukiyasoma maisha yake ya kisiasa peke yake utasinzia.

Jambo moja la wakati wake, hata hivyo, linahitaji kutazamwa kwa karibu. Serikali ilimwita mtaalamu wa mipango miji, Henry Vaughan Lanchester, na ripoti yake juu ya mji wa Zanzibar ikachapishwa 1923. Ndiyo mara ya kwanza mji huu kupangwa wote kwenye karatasi: bandari, barabara, soko, na ile hori ya maji ya bahari iliyoingia kutoka Funguni na kuutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Hori hiyo ilifukiwa kidogokidogo hadi miaka ya 1950, na juu yake leo kuna barabara na madaladala. Lakini maji yalipokauka mpaka haukukauka. Upande mmoja mawe, upande mwingine fito na udongo na makuti. Upande mmoja Balozi mwenyewe anashika kalamu na kuchora matao, upande mwingine mwenye kibanda hajui kama ardhi aliyolala juu yake ni yake au ya mwenye waraka aliyeko mjini. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Sinclair alikuwa ameshaondoka. Nikitafuta tao moja la Sinclair ng'ambo ya ile hori, silioni.

Si kwamba aliichorea serikali tu. Jumba la sinema la Royal, la mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla, lililofunguliwa Vuga 1921, nalo lilitoka katika kalamu yake. Hilo napenda kulitaja kwa sababu ndiko pekee ambako mtu wa Ng'ambo aliweza kuingia chini ya paa la Sinclair kwa raha yake, akalipa na kukaa, bila kuitwa shauri wala kutafuta muhuri. Likaungua miaka ya 1950, na mahali pake pakajengwa Majestic. Jengo la Bharmal nalo lilianza kama nyumba ya mfanyabiashara wa Kihindi, kisha likaingia mikononi mwa serikali na baadaye manispaa. Hapo utaona alivyokuwa amekolea mjini: Balozi aliyekuwa akitoza ushuru ndiye aliyewachorea matajiri roshani.

Jengo lake la mwisho ndilo linaloniumiza kichwa. Beit el Amani, nyumba ya amani, ilikusudiwa kuwa kumbukumbu ya mwisho wa vita vya 1914 hadi 1918. Ilifunguliwa tarehe 11 Novemba 1925, siku ya kukumbuka kusitishwa kwa vita hivyo, Hollis akiwa ndiye Balozi. Umbo lake lina pembe sita, kuba kubwa katikati, weupe mtupu. Mgeni akilitazama kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja hulidhani msikiti, na wako wenyeji walioniambia kwamba utotoni walidhani hivyo pia. Fikiria vile vita: manowari ya Kiingereza Pegasus ilizamishwa mbele ya mji na Wajerumani wa Königsberg tarehe 20 Septemba 1914, na baadhi ya mabaharia wake wamezikwa Chapwani. Kwenye bara wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya majeshi ya pande zote walikufa kwa maelfu, kwa njaa na kuhara zaidi kuliko kwa risasi. Vita vya Wazungu, maiti za watu weusi, na kumbukumbu yake imewekwa kwenye umbo la msikiti wa Istanbul. Waturuki katika vita hivyo walikuwa ni adui. Sina hakika kama Sinclair aliliona hilo, na kama aliliona, kama alicheka.

Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964 watawala wapya walirithi vyumba vyote hivyo kama vilivyo. Nyumba ya Balozi ikawa Ikulu. Mahakama ikabaki mahakama, posta ikabaki posta. Waliotaka kujenga cha kwao walikwenda Ng'ambo, wakasimamisha mafleti ya Michenzani kwa ramani za Wajerumani wa Mashariki, na huko hakuna aliyejifanya Mwarabu: fleti ni fleti, ndefu kama treni. Wengi wanazikebehi. Mimi naziona ni kweli zaidi kuliko Vuga, ingawa kulala ningependa kulala Vuga.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na kazi za Sinclair zikaingia ndani ya urithi huo pamoja na milango ya Waomani na roshani za Wahindi. Sina ugomvi na hilo. Mji wa bandari hula kila kinachokuja na jahazi, na baada ya miaka mia moja chakula kimeshakuwa damu. Mafundi waliochanganya chokaa, wakapinda matao yale na kulainisha lile kuba kwa mwiko walikuwa watu wa hapa na wa India, na sijamsikia mwongozaji hata mmoja akiwataja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit el Ajaib ilipoanguka pamoja na mnara wake wa saa, uliowekwa pale baada ya mizinga ya 1896, watu walilia kwa jengo la Barghash. Kesho likianguka kuba la Vuga, watalia vilevile, na watakuwa wanamlilia Sultani.

Jamaa yangu alitoka karibu na saa saba, bahasha kwapani, ametabasamu kidogo. Akanikuta bado nimeinua kichwa. Akaniuliza natazama nini, nikamwambia natazama kuba.

"Mwarabu alijua kujenga, bwana," akasema.

Tukashuka Sokomuhogo kutafuta kahawa.